Siku moja ya mtunza stoo kwenye karakana ya kuchomelea

Saa 1:15 asubuhi. Karakana yetu iko Buguruni. Kabla mashine haijawashwa, nasimama mlangoni kukagua nguo za mafundi. Wananiita Dada Trafiki. Sawa tu.

Kijana wa fildi kaja na ovaroli ya mtumba, ya buluu, imenyooka kweli. Nageuza kola nisome lebo: poliesta 65%, pamba 35%.

"Dada, si ovaroli hii?"

Ni ovaroli ya dereva, mdogo wangu. Poliesta ikipata moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Nampa ya stoo.

Lebo ninayoitaka imeandikwa ISO 11611, kiwango cha kimataifa cha nguo za kuchomelea, pamoja na daraja, 1 au 2. Huko maabara kitambaa hudondoshewa chuma kilichoyeyuka: la 1 linatakiwa lifikishe matone 15 kabla upande wa ndani haujapanda joto kwa nyuzi 40, la 2 matone 25.

Saa 3. Kazi ziko mbili. Geti linachomelewa mezani kwa vijiti vya 6013, cheche zake za wastani, daraja la 1 linatosha. Mzee wetu yuko chini ya tangi na vijiti vya 7018, anachomelea kwa juu, kila kinachodondoka ni chake. Huyo ni daraja la 2, na aproni ya ngozi juu yake.

"Shikamoo mzee. Naomba kiberiti."

Anacheka, anatoa cha gesi mfukoni, pale pale cheche zinapoangukia. Kila siku! Nashusha na pindo za suruali yake, maana cheche hupenda kutua humo, kisha suruali inavaliwa nje ya buti.

Saa 7 ubwabwa na maharage.

Saa 9. Nachambua za kufua. Koti moja limelowa grisi kifuani. Hata kitambaa kizuri kikishiba mafuta kinawaka. Jiki nimeipiga marufuku, inaharibu dawa ya kuzuia moto iliyomo kwenye pamba. Glovu zilizolowa jasho naanika, kwa sababu ngozi iliyolowa inapitisha umeme.

Saa 11 jioni. Bosi ana bei za makoti kutoka madukani Gerezani, anataka yote daraja la 1. Namkumbusha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003: vifaa vya kujikinga ni mzigo wa mwajiri. Naomba makoti mawili ya daraja la 2. Ananipa moja, "tuanze nalo." Nimeandika mawili kwenye oda, atasaini kesho.