Siku moja na fundi wa pikipiki za mlimani

Viazi, kabichi na karoti zinazoshuka kutoka Lushoto kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam hazianzi safari kwenye fuso. Nyingi zinaanza shambani, kwenye njia ambazo fuso haifiki, juu ya keria ya pikipiki. Mimi ni mmoja wa wanaoziandaa pikipiki hizo. Karakana yangu iko uani, nyumbani Magamba, na nimeona niandike siku yangu ya Jumanne kama ilivyokwenda, kwa sababu wengi wakiona mikono yenye oili wanadhani hii ni kazi ya waliofeli shule.

Saa 12 asubuhi

Mvua ya Aprili imenyesha usiku kucha, ukungu umeziba hata nyumba ya jirani. Nakunywa chai na viazi vya kuchemsha alivyoniwekea mama watoto, na dogo ninayemfundisha kazi anafika kabla sijamaliza kikombe. Mpaka saa 3 tumeshaziba pancha, tumekaza cheni na kumwaga oili za vijana wa kijiweni.

Kwenye oili sina mjadala na mteja. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Ukiweka oili ya gari yenye vilainishi vya ziada, pleti zinaanza kuteleza: injini inalia, pikipiki haiendi. Kwa hiyo natumia 20W-50 yenye alama ya JASO MA kwenye kopo, yaani oili inayofaa klachi ya aina hii. Anayetaka ya bei rahisi ya kupimiwa kwenye chupa ya maji aende nayo kwingine.

Saa 3 na dakika 20

Anafika kijana wa Lukozi na pikipiki ya Kichina ya cc 150. Si yake, anaendesha kwa mkataba. Bosi wake amemtuma abadilishiwe sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, na kuchomelewa keria ndefu ya kukaa magunia mawili ya viazi. "Fundi, iwe ya mlima kabisa," ananiambia.

Pikipiki inatoka kiwandani imepangiwa barabara ya kawaida. Hii ilikuwa na meno 14 mbele na 42 nyuma, yaani sproketi ndogo inazunguka mara 3 ndipo tairi lizunguke mara 1. Ukiweka ya meno 13 mbele, inakuwa mara 3.23. Nguvu ya kuvuta inaongezeka kama asilimia 8, na mwendo wa mwisho unapungua karibu kiasi hichohicho. Huku kwetu mwendo wa mwisho hauna kazi. Faida nyingine ambayo wengi hawaijui ni kwamba pikipiki ya gia fupi inashikwa vizuri zaidi na injini ikiwa inateremka.

Dogo hupenda kunionyesha video za mchezo wa trial kwenye simu, hasa za Mhispania Toni Bou, bingwa wa dunia mwaka baada ya mwaka tangu 2007. Anapanda miamba bila kuweka mguu chini, kwa sababu ukigusa chini unahesabiwa pointi za adhabu. Pikipiki ile haina kiti, ina uzito wa kilo 70 hivi, gia zake ni fupi mno na matairi yanajazwa upepo kidogo sana ili yalale kwenye jiwe. Huwa namwambia dogo aangalie ile gia fupi na namna kabureta au mfumo wa mafuta unavyoitika taratibu kwenye mwendo mdogo, hayo ni ya kujifunza. Upepo mdogo auache. Ukiupunguza chini ya gunia la lumbesa, rimu inakata tyubu kabla ya kona ya pili.

Saa 4 kasoro

Sproketi ya mbele imeingia bila shida. Dogo ameivua tairi la nyuma ili apunguze cheni, na mimi nimeinama kuangalia habu.

Lile bamba la breki ya nyuma linashikwa na mkono wa chuma ulioungwa kwenye swingamu, ule uma unaobeba tairi la nyuma. Kazi ya mkono huo ni kulizuia bamba lisizunguke pamoja na tairi unapokanyaga breki. Nati yake inatakiwa iwe na pini ya kukunja. Hapa palikuwa na waya wa kufungia nondo, umepindwa mara mbili, umeshika kutu, na nati yenyewe niliizungusha kwa vidole. Siku nati hiyo ikitoka mlimani, bamba linazunguka, fimbo ya breki inajikunja na tairi la nyuma linajifunga ghafla mtu akiwa na kilo 200 mgongoni.

Nikafungua ndani. Tope la masika lilikuwa limesaga shuu, zile pedi zinazobana drami (ukuta wa ndani wa habu), mpaka chuma kikaanza kuichora.

Nikamwita kijana aone mwenyewe. Akaangalia, akanyamaza, kisha akaniambia kitu kilichonikasirisha kuliko ule waya. Akitoka Lushoto kwenda Mombo anaweka frii ili aokoe mafuta. Ni kilomita kama 33 za kona na mteremko, na injini, ambayo ndiyo breki yake ya kwanza, ameiachia. Mafuta anayookoa hayafiki bei ya soda, maana injini ikiunguruma bila gia bado inakunywa. Drami inapata moto, shuu zinapoteza mshiko, na pedeli inakwenda chini bila kitu.

Nikampigia bosi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imekwisha?"

"Bado. Breki ya nyuma imekufa, shuu zimefika kwenye chuma."

"Mimi nimesema sproketi na keria, fundi. Breki ya mbele si ipo?"

Nikamweleza kwamba mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi, na akiibana breki ya mbele kwenye tope tairi linateleza na kijana analala chini. Akasema basi aendeshe taratibu. Nikamwambia mteremko wa Soni, kwenye njia hiyo ya Mombo, haupunguzi mwendo kwa sababu mtu anataka. Akasema mafundi wa siku hizi tunatafuta hela kwa kutisha watu, na kwamba kuna fundi mjini atamfanyia bila maneno. Nikamjibu kwa heshima zote: "Mzee, pikipiki nitaifunga ilivyokuja na sitakudai. Ila keria mimi siichomelei juu ya breki hii." Akakata simu.

Ikawa hivyo zaidi ya saa nzima. Anampigia kijana, kijana ananiletea simu, tunarudia yaleyale. Kijana naye anaangalia saa, kwa sababu hesabu ya jioni haijui kwamba pikipiki ilikuwa kwa fundi. Wateja wengine wawili walifika wakaona hakuna anayewahudumia wakaondoka. Nilichoka kuongea kuliko ninavyochoka kubeba injini. Mwishowe nikaupiga picha ule waya karibu kabisa, pamoja na michirizi kwenye drami, nikamtumia WhatsApp. Kimya. Kisha ujumbe: "Weka shuu. Keria usiifanye ghali."

Mchana

Saa sizikumbuki vizuri kuanzia hapa. Dogo alikwenda dukani Lushoto kuchukua shuu kwa dhamana yangu. Nilisafisha drami kwa maji na brashi, sikupuliza, maana vumbi la breki si la kuvuta. Michirizi haikuwa na kina kirefu, nikaipitisha msasa mpaka kidole kikapita bila kukwama. Shuu zikaingia, grisi kidogo tu kwenye kemu inayozisukuma, nati mpya, na pini ya kukunja nikaikunja mbele ya macho ya kijana. Pedeli nikaiseti iwe na mchezo wa milimita kama 25.

Tulipotaka kuanza keria, umeme ukakatika. Tukakata nondo kwa msumeno wa mkono, kijana mwenyewe akishika upande wa pili, mvua ikipiga bati kiasi kwamba tunaongea kwa ishara. Mama watoto alileta ugali na kisamvu, tukala tumesimama.

Umeme uliporudi nilitoa tangi na kuchomoa betri na CDI, kile kifaa kinachotoa umeme wa cheche ya plagi, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Wapo wanaochomelea bila kuchomoa, kisha mteja anaambiwa CDI ilikuwa mbovu tangu zamani. Keria yangu huwa siishikizi kwenye bolti za shokabu peke yake. Naishusha miguu miwili mpaka kwenye fremu, na gunia nalileta mbele kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila inchi mzigo unaporudi nyuma, usukani unazidi kuwa mwepesi. Kijana alitaka keria iongezwe kama shubiri mbili nyuma, "ikae lumbesa". Nilikataa, na safari hii hakubishana.

Ilibaki kabureta. Plagi ilitoka nyeusi, ina masizi. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko bondeni, kwa hiyo mchanganyiko wa kiwandani unakuwa na petroli nyingi kuliko hewa. Niliipandisha klipu ya sindano mtaro mmoja, sindano ikashuka, mafuta yakapungua. Tukaisikiliza. Ikaacha kukohoa ikipewa mafuta ghafla, na dogo akatabasamu, maana aligundua mwenyewe tatizo kabla sijasema.

Jioni

Tuliifunga magunia mawili ya mchanga, nikaiendesha mimi kwanza kupanda barabara ya msituni, kisha nikamkabidhi kijana ateremke nayo kwenye gia ya pili, nami nikifuata nyuma kwa pikipiki yangu. Kwenye kona ya tope alikanyaga breki mara moja tu, injini ikafanya yaliyobaki. Aliposimama chini alisema hakujua kwamba inaweza kushika vile bila kubana mbele.

Bosi alituma hela ya vipuri na nusu ya ufundi, nusu akasema Jumamosi. Nikaiandika kwenye daftari. Kisha akauliza kama nina nafasi ya kuangalia pikipiki zake nyingine mbili, nikamwambia azilete asubuhi, moja moja, zikiwa zimeoshwa.

Nimekaa kitandani naandika haya, mgongo unauma na harufu ya petroli haijatoka mikononi ingawa nimenawa kwa sabuni ya unga. Dogo anaosha spana kwa dizeli uani. Kesho tunaanza na ile ya mwalimu, sili za shokabu za mbele zinavuja na amesema anaihitaji kabla ya kengele ya mchana.