Mzee wa Mto Yordani

Treni kutoka Bologna ilinifikisha Ravenna, nchini Italia, kabla ya adhuhuri, nami nikaenda moja kwa moja kwenye jengo la ubatizo lililo kando ya kanisa kuu. Mji huu umesimama juu ya ardhi laini, na jengo hilo la matofali lenye pande nane limezama hata ikabidi sakafu yake iinuliwe takriban meta 3. Kwa nje halina la kutazama. Ndani, kuba lote limefunikwa kwa mozaiki, vipande vidogo vya vioo na mawe vilivyopangwa katikati ya karne ya 5, wakati wa Askofu Neon.

Katika kitabu cha katekisimu nilichosomea utotoni, picha ya ubatizo wa Yesu ilikuwa na watu wawili na njiwa. Hapa wako watatu. Mkono wa kulia, mzee mwenye ndevu amechomoza majini hadi kifuani, ameshika tete, naye anamnyoshea Yesu kitambaa cha kujifutia. Jina lake limeandikwa juu yake: Yordani. Ni mto uliopewa umbo la mtu, kama walivyofanya Wagiriki, ambao kwao mito ilikuwa miungu, wana wa Okeano, mungu wa maji yaliyoizunguka dunia. Nilijiambia kwamba mungu huyu ameshushwa cheo akawa mtumishi wa kubeba taulo, na kwamba kadiri Ukristo ulivyokomaa angefifia kabisa.

Nilipokuwa nikivuka mji kuelekea jengo la pili la ubatizo nilimkumbuka Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, aliyesoma Athens pamoja na rafiki yake Gregori wa Nazianzo. Mwaka 362 Juliani, mfalme wa Roma aliyeirudia miungu ya kale, aliwazuia Wakristo kufundisha fasihi ya Kigiriki, kwa hoja kwamba asiyeiamini miungu ya Homer, mshairi mkuu wa Wagiriki, hana haki ya kumfundisha Homer; Gregori akamjibu kwa ukali kwamba elimu ile haikuwa mali ya wapagani peke yao. Basili, katika hotuba yake kwa vijana, aliwataka wawasome washairi hao kama nyuki, ambaye hatui kwenye kila ua, wala halibebi lote analotua juu yake. Ushauri huo nauona wa busara, ingawa nyuki wa Ravenna, kama nilivyogundua baada ya dakika chache, alibeba zaidi ya asali.

Jengo la pili lilijengwa na Theodoriki, mfalme wa Wagothi aliyefuata imani ya Ario, Ukristo uliokana kwamba Mwana ni sawa na Baba na ambao Wakatoliki waliuona uzushi, na kutawala hadi mwaka 526. Ni jipya kuliko la Neon kwa takriban miaka 50, na mzee wetu hakufifia. Amekuwa mkubwa zaidi. Sasa ameketi upande wa kushoto, kifua wazi, mwili umejaa kuliko wa Yesu, ambaye hapa ni kijana asiye na ndevu. Kando yake chombo kinamwaga maji. Kutoka katika nywele zake nyeupe zimechomoza koleo mbili nyekundu za kaa, alama ya kale ya Okeano mwenyewe. Nilizitazama hadi shingo ikauma.

Mwaka 540 jeshi la Konstantinopoli, makao ya Dola la Roma ya Mashariki, liliuteka mji, na baadaye makanisa ya Waario yakakabidhiwa Wakatoliki. Jioni niliingia Sant'Apollinare Nuovo, lililokuwa kanisa la kasri ya Theodoriki, kuona walichofuta. Katika mozaiki inayoonyesha kasri, watu waliosimama kati ya nguzo wameondolewa, na mapazia yamewekwa mahali pao. Mafundi hawakuzigusa nguzo zenyewe, kwa hiyo mikono ya watu hao ingali imebaki juu yake: kiganja hapa, vidole pale, bila mwenyewe. Mfalme Mkristo na watu wake walifutwa. Mzee wa Kigiriki, umbali wa dakika chache kwa miguu, aliachwa na koleo zake kichwani.