Plagi kavu ndizo zilizonionyesha kosa

Nilivuta kamba mpaka bega likaniuma, na mashine haikukohoa hata mara moja. Ilikuwa asubuhi ya kwanza tangu niifumue na kuiunganisha upya: mashine kuukuu ya boti, stroki mbili, silinda mbili, farasi 15. Ringi za pistoni mpya, gasketi mpya, mpira wa pampu ya maji mpya, na kabureta, inayochanganya petroli na hewa, nimeifungua na kuisafisha mwenyewe. Nilikuwa nimeisimamisha kwenye pipa, maji yakipita juu ya matundu yanayovutia maji ya kupoza, kwa sababu mpira wa pampu ukizunguka mkavu huharibika upesi sana.

Nilikagua ya kawaida kwanza. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi ilikuwa wazi. Pampu ya mkono ya petroli niliibinya mpaka ikawa ngumu na haikulegea. Kamba ya usalama, ile inayozima mashine ikichomoka, ilikuwa mahali pake. Nikatoa plagi zote mbili, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, nikaziba matundu yake kwa vitambaa, nikazigusisha kwenye chuma cha injini mbali na matundu hayo na kuvuta: cheche za bluu, nzuri kabisa.

Lakini plagi zenyewe zilikuwa kavu. Hapo ndipo nilipaswa kusimama tangu mwanzo. Ukivuta mara nyingi hivyo huku choki, kibao cha kuziba hewa kwenye kabureta, imefungwa, plagi zinatakiwa kutoka zimelowa na kunuka petroli. Watu wengi, nami nikiwemo, tunaogopa sana injini kunywa petroli kupita kiasi, tunasahau kwamba inaweza pia kuwa na njaa. Chuma kikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inagandamana kwenye kuta njiani. Ndiyo maana choki huziba hewa, ili mvuto wa pistoni uchote petroli zaidi. Na ringi mpya ambazo hazijakaa sawa huvuta kwa unyonge, hasa kwa kasi ya mkono.

Nikadondoshea petroli kidogo, kama nusu kijiko cha chai, kwenye kila tundu la plagi, nikafunga, nikavuta. Ikanguruma sekunde mbili, ikazima. Nilifurahi kuliko mtu angeweza kuelewa: moto upo, na unakuja kwa wakati wake. Kinachokosekana ni petroli.

Nikatoa kifuniko cha mbele nikachungulia mdomo wa kabureta. Kishikio cha choki nimekivuta hadi mwisho, lakini kibao chenyewe kimebaki wazi upana wa ukucha. Waya unaokivuta nilikuwa nimeuingiza kwenye tundu lisilo lake. Dakika tano za koleo, kikaziba sawasawa.

Mvuto wa tatu ikakohoa. Nikarudisha choki nusu. Wa nne ikawaka, ikatoa moshi mzito, kwani nilichanganya petroli na oili 25 kwa 1 kama kitabu chake kinavyotaka kwa mashine iliyotoka kufumuliwa. Macho yangu yalikuwa kwenye kitundu yanakotokea maji ya kupoza tu. Maji yalipochuruzika kwa nguvu, ndipo nikapumua, nikawa nairudisha choki taratibu kadiri ilivyopata joto.

Baada ya robo saa nikaizima, nikaivuta tena bila choki. Ikawaka mara ya kwanza.