Ijumaa Kuu tulipigiwa makofi

Kundi la WhatsApp la kwaya yetu limewaka moto tangu Pasaka, na safari hii ugomvi si wa sare. Ni wa makofi.

Ilikuwa Ijumaa Kuu, madhabahu imevikwa vitambaa vyeusi. Tuliimba wimbo wa mateso ambao mwalimu alikuwa akitunoa nao Kwaresima nzima. Ubeti wa mwisho besi wanabaki peke yao, wanashuka taratibu, kinanda nacho kinanyamaza, mpaka Bwana anakata roho. Noti ya mwisho haijaisha masikioni, kiongozi wa ibada akanyakua maiki: "Jamani, kwaya imetubariki au haijatubariki? Makofi kwao!" Kanisa zima likalipuka. Kuna mama akapiga na kigelegele kule mabenchi ya nyuma. Ibada hiyo ina mkalimani wa lugha ya alama, na viziwi wetu hushangilia kwa kunyanyua mikono na kutikisa vidole. Siku hiyo niliwaona wakitazamana kwanza kabla ya kunyanyua.

Tumetoka kumsulubisha Mwokozi, tukashangiliwa.

Nilipoandika kundini kwamba nilitamani sakafu inimeze, soprano mmoja akanijibu kwamba mimi ni "Mlutheri wa Wajerumani", yaani Mungu kwangu ni wa kukunjiwa mikono. Mwingine akamwaga Zaburi 47: "Enyi watu wote, pigeni makofi." Akafunga mjadala na emoji ya moto. Basi nijieleze hapa, maana kule hakuna anayesoma ujumbe unaozidi mistari mitatu.

Kwanza, mimi ni mpiga makofi. Njooni ibada ya maombi katikati ya wiki mnione. Pambio likikolea, akina mama wanashika makofi ya msingi, vijana wanachomekea ya kwao katikati, kayamba linaingia, na hapo huwezi kusema nani anaimba na nani anapiga. Makofi yale ni ala. Ukiyatoa, pambio linalala. Tena hayampongezi mtu yeyote, wala hakuna aliyeyaagiza. Wimbo wenyewe umeyadai. Aliyetaka kuyapiga marufuku asinitafute mimi.

Na Biblia naijua pia. Zaburi 98 mito inapiga makofi, Isaya 55 miti ya kondeni inapiga makofi. Katika 2 Wafalme 11 mtoto Yoashi anavikwa taji ndani ya nyumba ya Bwana, na watu wanampigia makofi. Ila dada yangu wa soprano asiishie hapo. Afungue na Maombolezo 2, Yerusalemu imeanguka na wapita njia wanaipigia makofi ya kuicheka. Afungue Ayubu 27, mwovu anapigiwa makofi ya kuzomewa. Agano Jipya lote, kuanzia Mathayo mpaka Ufunuo, sijaona kanisa likipiga makofi ibadani. Sisemi kwamba limekataza. Hata vinanda vya kanisani halina. Nasema aya moja haitoshi kuamua Ijumaa Kuu tufanye nini.

Hilo la Wajerumani nalo. Ni kweli, kanisa la Azania Front pale baharini, Dar es Salaam, walijenga wao, na nyimbo nyingi za kitabuni mwetu zina sauti za kwao. Lakini kunyamaza hawakutuletea wao. Jeneza likishushwa pale makaburi ya Kinondoni, nani anapiga makofi? Awe Mzaramo, Mhaya au Mpare, Mkristo au Mwislamu, kila mtu anajua saa ile mikono inakaa wapi. Na jirani yangu Mfipa, wakija wazee kutoka Sumbawanga, huchuchumaa na kuwasalimia kwa makofi mepesi, ya viganja vilivyopinda, macho chini. Hayo ni makofi ya heshima, na ukiyasikia hutayachanganya kamwe na ya kumpongeza mpiga gitaa. Watu wetu tangu zamani wanajua makofi yana mahali pake na namna yake. Kanisani ndiko tunakoanza kusahau.

Ukitaka kujua tumesahaulishwa na nini, nenda ukumbi wowote wa Sinza Jumamosi usiku. Makofi kwa wazazi, makofi kwa kamati, makofi kwa wapishi, makofi kwa mpiga picha, "hayo makofi ya wapi, kwani hamjala?" Jumapili asubuhi watu ni walewale, wengine sauti zimekauka, na maiki kanisani inashikwa kwa mkono uleule. Kwetu mmoja wa wanaotoa matangazo ni mshereheshaji wa kulipwa. Ni mzuri sana, harusi ya mdogo wangu aliiendesha yeye. Ila ameleta kazini kwa Mungu mazoea ya kazini kwake: kukiwa kimya hata sekunde tano anaona hafla imepoa, lazima aichangamshe. Kwa hiyo tunampigia makofi mhubiri aliyemaliza, mtoto aliyesoma somo, mgeni kutoka Kibaha, diwani aliyeingia ibada ikiwa katikati. Yesu naye hupigiwa, na mara nyingi kwa amri: "Hayo ya Yesu hayo? Hebu mpigieni ya kweli!"

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Maaskofu waliomwondoa Paulo wa Samosata, askofu wa Antiokia, mwaka 268 waliandika kwamba, pamoja na makosa yake ya imani, alikuwa akiwakaripia waumini wasiompigia makofi na kupunga vitambaa kama watu wa maigizo. Vitambaa! Niliposoma hapo nikacheka peke yangu ndani ya mwendokasi, maana vitambaa tunapunga. Mwaka 400 hivi, Yohane Krisostomo akiwa askofu wa Konstantinopoli alichoka kukatizwa mahubiri yake na makofi. Siku moja akawatangazia waumini kwamba tangu sasa iwe sheria, mtu asikilize kwa utulivu. Wakampigia makofi kwa kusema hivyo vizuri.

Wifi yangu Mkatoliki anapenda kunikumbusha Kadinali Ratzinger, yule aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16. Mwaka 2000 aliandika kwamba makofi yakizuka katika liturujia kwa ajili ya ustadi wa mwanadamu, ujue kiini cha liturujia kimeondoka na mahali pake pamekaliwa na burudani ya kidini. Mimi namkubali karibu yote, ila wifi huyohuyo alinialika upadrisho, na mashemasi walipotangazwa kwamba wamechaguliwa, vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia harusini. Hivyo sikuviona vibaya hata kidogo. Ilikuwa kauli ya waumini: tumewakubali, tuleteeni. Sijui kama Kadinali angekunja uso.

Makofi yanayoniuma kuliko hata yale ya Ijumaa Kuu ni ya harambee. Mwaka jana kwaya yetu ilialikwa kwenye usharika mmoja, harambee ya kuezeka kanisa. Likasomwa somo lilelile la siku zote, Luka 21, mjane na senti zake mbili. Kisha ahadi zikaanza. Wa milioni tano alisimamishwa, makofi, sisi tukaamriwa tumwimbie ubeti mmoja, mgeni rasmi akampa mkono. Wa laki tano wakapata makofi bila ubeti. Wa laki moja, makofi ya kukaa. Baadaye mama mmoja aliyejifunga kitenge juu ya gauni alitoka mwenyewe mpaka mezani, akaweka noti ya elfu mbili iliyokunjwa ikakunjwa tena mpaka ikawa kama kidonge. Mhasibu aliikunjua, akailaza juu ya daftari, akainyoosha kwa kiganja, akaandika. Maiki ilikuwa upande wa pili inamtafuta "yule mzee wa mabati". Mama akarudi kukaa. Sisi kwaya tulikuwa mbele, tumeyaona yote, na hakuna aliyetuamrisha kumwimbia.

Nje ya ibada sina neno. Baraka ikishatolewa, tukishatoka tunaimba na kufunga kwa sala pale uwanjani, mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka uanze. Jogoo akifika elfu hamsini kwa ubishi wa wazee wawili, pigeni makofi mpaka mikono iwake. Ule ni mnada, na kila mtu anajua ni mnada.

Kwenye kikao cha kwaya nilitoa mapendekezo. Kwamba kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu kwaya isipigiwe makofi, na mwalimu amwombe kiongozi wa ibada mapema asituombee makofi. Hilo limepita, ingawa soprano wamenuna. Kwamba siku za harambee majina yasomwe bila kiasi, na makofi yapigwe mara moja tu mwishoni, kwa wote. Hilo si la kwaya kuamua, kwa hiyo nikalipeleka kwa mhazini wa usharika. Alinisikiliza kwa adabu, akavua miwani.

"Mama, makofi ndiyo yaliyojenga choo mnachotumia."

Nikamwambia nakijua kile choo, na kwamba jina la aliyetoa fedha nyingi limeandikwa mlangoni. Akacheka. Amesema niliandike kwa barua, litaingia kwenye kikao cha wazee baada ya Pentekoste. Barua nimeshaipeleka.