Mfuko wetu wa vijitabu vya katuni: mwezi wa tano, na kijitabu cha kwanza cha mtu wa nje

Leo mchana tumefungua kibubu. Shilingi 75,000 kamili, tumezihesabu mara mbili mezani, mwenzetu anayeshika daftari akaandika, wote sita tukasaini. Fedha hizo zinatosha kuchapa nakala 150 za kijitabu cha msichana ambaye si mwanachama wetu, na ambaye mpaka mwezi uliopita hakuna kati yetu aliyekuwa anamjua. Nimerudi nyumbani na furaha, nikasema niandike kabla sijalala.

Kwa anayesoma kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza: sisi ni wachoraji sita wa Dar es Salaam, na tangu Januari tunacheza mchezo. Kila mmoja anatoa 15,000 kwa mwezi, jumla 90,000. Upatu wa kawaida mwenye zamu huondoka na fungu lote na hakuna anayemuuliza amelifanyia nini. Wa kwetu haumpi mtu fedha mkononi. 75,000 tunazilipa dukani kijitabu cha mwenye zamu kichapwe, na 15,000 zinazobaki zinaingia kwenye kibubu. Baada ya miezi mitano kibubu kinakuwa na gharama ya kijitabu kimoja kizima, na hicho tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba ni cha mtu wa nje. Hii ndiyo ruzuku yetu. Ni ndogo, lakini inaanza na kumaliza kazi moja.

Hesabu yenyewe ni hii, maana wengi mmeniuliza. Kijitabu kina kurasa 16 za ukubwa wa A6. Karatasi moja ya A4 ikichapwa pande zote mbili, ikakatwa katikati na kukunjwa, inatoa kurasa 8, kwa hiyo nakala moja inakula karatasi mbili, yaani pande nne. Tunapokwenda na kazi ya nakala 150, duka tunalotumia linatuchaji shilingi 50 kwa upande: 200 za ndani. Jalada ni manila nyeupe iliyochapwa kwa rangi upande mmoja, 500 kwa karatasi, na kila karatasi inatoa majalada mawili: 250. Nakala moja inakuwa 450, nakala 150 ni 67,500. Zile 7,500 zinazobaki ni za kukatia na za pini. Kukunja tunakunja wenyewe, tumeketi mkekani na rula ya chuma, na stepla ya mkono mrefu tuliichangia mwanzoni kabisa.

Februari tulipata somo. Ilikuwa zamu ya mwenzetu mmoja, mashine ikawekwa igeuze karatasi kwa upande usio wake, na kila ukurasa wa nyuma ukatoka kichwa chini. Zilishatoka nakala 40 ndipo kijana wa mashine aliponiuliza, "Kaka, hapa ndivyo mlivyochora?" Karatasi 80 zikawa za kufungia karanga. Tangu siku ile hatuchapi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza: nakala moja inatoka, inakatwa, inakunjwa, inabanwa pini pale pale kaunta, na mtu anaisoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa 1 hadi wa 16. Na kwa anayepanga kurasa mwenyewe nyumbani, kuna njia rahisi ya kujikagua. Kurasa mbili zinazolala ubavu kwa ubavu kwenye karatasi lazima zijumlishwe zipate 17. Wa 16 na wa 1, wa 2 na wa 15, wa 14 na wa 3, mpaka wa 8 na wa 9 katikati. Ukipata jumla nyingine, simamisha kazi.

Wazo la kuweka fungu la mtu wa nje halikuanzia kwetu. Mwaka 1984 huko Dover, New Hampshire, Marekani, vijana wawili, Kevin Eastman na Peter Laird, walichapa wenyewe katuni ya kasa wanne wanaopigana kama ninja, nyeusi na nyeupe, nakala kama 3,000, kwa fedha zao kidogo pamoja na mkopo wa ndugu. Kasa wale waliwaletea utajiri ambao hawakuutarajia. Mwaka 1992 Laird akaanzisha taasisi aliyoiita Xeric, na sehemu ya kazi yake ikawa kuwalipia gharama za kuchapa wachoraji wanaojichapishia, watu wasio na jina. Gene Luen Yang, mchoraji wa katuni wa Marekani, alipata ruzuku hiyo mwaka 1997. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya MacArthur, moja ya tuzo kubwa kabisa za ubunifu nchini kwao. Mimi kinachonigusa zaidi ni Laird kukumbuka shida ya kuchapa nakala ya kwanza. Aliyewahi kukopa kwa ndugu ili achape ndiye aliyejua fedha inahitajika wapi hasa.

Xeric iliacha kuwapa wachoraji ruzuku mwaka 2012. Laird alieleza kwamba intaneti imebadilisha mambo, mchoraji sasa anaweza kuwafikia wasomaji bila kulipia karatasi. Namheshimu sana, lakini kwa hapa tulipo siwezi kukubaliana naye. Wasomaji wetu wakubwa ni wanafunzi. Wengi wao simu wanayoishika ni ya mama, na bando likiisha limeisha. Kijitabu cha karatasi kinaingia shuleni kwenye mfuko wa shati, kinapita dawati hadi dawati, na kinarudi nyumbani kimechakaa baada ya kusomwa na darasa zima. Waliokua na Sani, jarida la katuni la hapa kwetu, wanajua ninachosema. Nakala moja yenye wahusika wake Lodi Lofa na Ndumilakuwili ilikuwa inazunguka mtaa mzima. Na Sani yenyewe ilitokana na watu wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, walioungana mpaka kwenye majina: SA na NI.

Sasa nije kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote. Mwaka juzi nilijaza fomu ya ruzuku ya shirika moja. Kurasa 23 za Kiingereza, wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, barua za wadhamini, na maelezo ya namna mradi utakavyobadilisha jamii. Hakuna mahali palipoulizwa, "Tuonyeshe ulichochora." Nilitumia wiki tatu nisiguse penseli, na jibu halikuja. Kwa hiyo tulipokaa kupanga mfuko wetu niliomba sharti moja tu, na wenzangu wakakubali: hakuna fomu. Leta kijitabu cha mfano chenye kurasa 16, penseli inatosha, hadithi iwe na mwanzo na mwisho, nyuma uandike namba ya simu. Basi. Aliyemaliza kurasa 16 kwa penseli ameshanionyesha kila kitu ambacho fomu ingeniuliza.

Tangazo tulilisambaza WhatsApp na kulibandika kwenye stationery mbili. Vikaja vijitabu 11. Tulivisoma siku mbili, kila mtu peke yake bila kuzungumza, kisha kila mmoja akaweka punje ya harage kwenye bahasha ya anayemtaka.

Kilichoshinda kimeshonwa kwa uzi mweusi. Karatasi ni za daftari la mistari, na mistari ya bluu inapita katikati ya nyuso za watu. Mchoraji yuko kidato cha tatu, anaishi Mbagala, na hadithi ni ya bibi yake anayeamka saa kumi alfajiri kupika vitumbua. Ukurasa wa 6 na wa 7 hauna neno hata moja. Amechora kikaango cha vitumbua kwa juu, kikubwa, kimejaza kurasa zote mbili, chenye mashimo saba. Ndani ya kila shimo, badala ya kitumbua, kuna uso wa mteja wa bibi: konda mwenye usingizi, mwanafunzi, mzee mwenye kofia, mama aliyembeba mtoto. Shimo la saba ni tupu, na lina mafuta tu yanayochemka. Unafungua ukurasa wa 8 unakuta bibi amemwekea mjukuu kimoja kando, chini ya kawa. Nilikisoma nimesimama, nikakaa chini nikaanza tena.

Kulikuwa na ubishi, na sitauficha. Wenzetu wawili waliweka harage kwa kijitabu cha bodaboda, na kweli kimechorwa kwa mkono uliokomaa kuliko huu. Lakini mwenye kijitabu hicho tayari anauza michoro na kulipwa. Atachapa, leo au kesho. Kura zikawa nne kwa mbili, na hao wawili ndio waliojitolea kumfundisha mshindi kutia wino.

Kwa kuwa ni mwanafunzi, tulimpigia mama yake kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

Nikajieleza. Akanyamaza kidogo. "Na hizo fedha atazirudisha lini?"

"Hazirudishwi, mama. Nakala tano zinabaki kwetu kama kumbukumbu, 145 ni zake, na bei atapanga mwenyewe."

"Sasa nyie mnapata nini?"

Nikamwambia tunapata kijitabu. Akacheka, akasema Jumamosi atakuja naye mwenyewe aone ni watu wa namna gani. Nimemwambia aje na bibi pia, kama miguu inamruhusu.

Kazi iliyobaki kabla ya kuchapa: maneno ya ukurasa wa 11 yamefika ukingoni kabisa, yatakatwa, kwa hiyo binti aache milimita 5 kila upande. Achore upya kurasa zote kwenye karatasi isiyo na mistari, isipokuwa nimemwomba wa 6 na wa 7 asiuguse kwanza. Nataka tuone kwenye nakala ya majaribio, maana ile mistari ya bluu chini ya mafuta inaonekana kama mvuke, na sijui kama alikusudia. Nitamuuliza Jumamosi. Harage za kura nimezihifadhi kwenye bahasha, na kibubu sasa ni kitupu, kinasubiri 15,000 za mwezi ujao, fungu la kwanza la mtu wa pili.