Jumapili Tuliyogawa Kwaya

Mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 hadi 1998, ziliujaza Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, wenzetu wa upande wa Kinyerezi wakashindwa kuvuka kuja ibadani. Enzi hizo Kinyerezi ilikuwa mihogo na miembe, nyumba moja huku, nyingine kule. Basi wakawa wanasali jumuiya yao nyumbani kwa mama mmoja mjane. Maji yalipopungua mchungaji akaenda kuwaona, akakuta sebule imejaa, na barazani wamekaa majirani ambao hakuwahi kuwaona kanisani.

Baraza la wazee likapitisha kuwa jumuiya ile iwe mtaa, yaani tawi la usharika wetu. Kwetu KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, sharika nyingi zimezaliwa hivyo. Mtaa unalelewa na mwinjilisti, mchungaji anafika kwa ubatizo na Chakula cha Bwana, hadi watu wake waweze kumtunza mchungaji wao wenyewe. Utaratibu huo kila mtu aliujua. Kazi ilikuwa kusema nani aende.

Jumapili ile mchungaji alitusomea Matendo 13, pale kanisa la Antiokia linapowawekea mikono Barnaba na Sauli na kuwaaga. Akasema, "Antiokia haikutoa masalia. Nami siwaombi masalia."

Mwalimu wetu wa kwaya akasimama. Wakafuata waimba besi wawili, kisha rafiki yangu niliyeimba naye sauti ya pili tangu tulipopata kipaimara. Nililia pale pale kwenye benchi la kwaya, wala sikujificha.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mchungaji, kanisa letu halijaezekwa, nawe unawaondoa watoaji?"

"Ni kweli, mzee wangu. Bati litachelewa."

Na lilichelewa. Tulinyeshewa msimu mwingine mzima, na sadaka ilipungua kama mzee alivyosema. Hata hivyo naamini mchungaji alikuwa sahihi, kwa sababu kule ng'ambo nilikwenda na niliona.

Ibada ya kwanza ya mtaa ilifanyika chini ya turubai. Mabenchi tuliyabeba kichwani kutoka kwetu, na kinanda kiliunganishwa na betri ya gari. Kwaya yao ya watu wachache iliimba kwa nguvu hadi wapita njia wakasimama. Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka: mihogo, mayai, jogoo mmoja. Yule mzee aliyepinga alimnunua jogoo, akamrudisha mnadani, akamnunua tena kwa bei ya juu zaidi.

Watu walipokuwa wakitawanyika, jirani mmoja mkulima alimfuata mwinjilisti. "Mvua yote ile nilikuwa nawasikia mkiimba kwa mama. Nilidhani barabara ikikauka mtarudi kwenu."

"Hatuendi popote, ndugu yangu. Karibu."

Jina lake likawa la kwanza katika daftari la mafundisho ya ubatizo. Alibatizwa Pasaka iliyofuata pamoja na mkewe na watoto, na mtaa ulipopandishwa kuwa usharika alikuwa mmoja wa wazee wake.