Vichupa tisa: siku yangu moja ICU

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu ya uuguzi ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Kitanda namba nne ni mama mmoja, siku ya 12 kwenye mashine ya kupumulia. Usiku homa imempanda, presha inashikiliwa na dawa ya noradrenalini. Makohozi yalipelekwa maabara juzi.

Saa 2 hadi 4. Kugeuza wagonjwa, kusafisha vinywa, kunyonya makohozi, kuandika mkojo wa kila saa.

Saa 4:20. Maabara wanapiga simu: ni bakteria, Klebsiella, imegoma kwa meropenemu, antibiotiki kali. Imebaki kolistini, dawa ya miaka ya 1950 iliyowekwa kando kwa kuumiza figo, nasi tumeirudia kwa kukosa nyingine. Dozi ya kwanza ni uniti milioni 9. Vichupa nilivyonavyo ni vya milioni moja moja. Na hutikisi. Ukitikisa inajaa povu, kipimo hakivutiki. Unazungusha kichupa polepole, unga uyeyuke, unashika kingine. Niko cha sita, kengele ya kitanda cha pili inalia, daktari bingwa anaingia na wanafunzi watano.

Anampapasa mama tumbo, anashika ukingo wa kitanda, huyoo, namba tano.

“Daktari, mikono.”

“Sijamgusa, sista.”

Kamgusa, nimemwona kwa macho yangu! Namba tano ni kijana wa ajali, kidonda kikavu, keshokutwa anahamia wodini. Nikasimama katikati na chupa ya sanitaiza. Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Akapaka, kama mtu anayelipa faini. Watu hudhani kazi yangu ni kuchoma sindano. Nusu yake ni kuzuia mdudu wa namba nne asivuke hatua mbili kwenda namba tano. Nikarudi kwenye vichupa. Dawa ikaanza kuingia karibu saa 5.

Mchana sijui ulipita vipi. Glavu, aproni, vua, nawa, vaa tena. Ngozi ya vidole imepasuka. Mkojo ulikuwa mililita 45, ukawa 40, ukawa 32. Binti yake mlangoni: “Dada, hamna dawa kali zaidi ya hiyo?” Nikamwambia hiyo ndiyo kali, na ndiyo maana nachungulia mfuko wa mkojo kila saa.

Giza limeingia, mwenzangu wa usiku kafika. Nikamkabidhi: damu ya kupima kreatinini, kipimo cha figo, imeshakwenda, kolistini saa 5 usiku, milioni 4 na nusu, kama figo hazitabadilisha hesabu.

“Vichupa vingapi?”

“Vitano. Cha mwisho utavuta nusu. Usitikise.”